Amani ya Mkono kwa Mkono

Ittira hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalokera. Mtu mbaya unamjua, unampisha njia, yakaisha. Huyu alikuwa mgema bora kuliko wote katika vilima vya miti ya mpira upande wetu wa Kottayam, na alikuwa mtumishi wa kanisa kwa zaidi ya miaka kumi na mitano: mpiga kengele, mwasha mishumaa, mchoma makaa ya chetezo. Na kwa miaka mitano ya mwisho katika hiyo alimchukia mdogo wake wa tumbo moja, huku kila Jumapili akimwekea padri mavazi sawa mgongoni kwa vidole vilevile.

Kanisa alililinda, usiseme. Alikuwa na fimbo ya mlangoni, ya mti wa kahawa, na hakuna mbwa aliyethubutu kuingia wakati wa misa. Mbuzi wa jirani yetu Uthup, ambao walizoea kula maua ya makaburini, walikuwa wakimwona Ittira wanaruka ukuta wenyewe. Lakini moyo wake aliuacha wazi kama banda la soko. Wazo lolote lililopita liliingia, likakaa, likaletewa na kahawa.

Ugomvi wenyewe ulianza kwa wema. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa, Ittira akashikwa na homa ya panya, akawa wa manjano hadi machoni. Barabara imekatika, gari hakuna. Mdogo wake Kuruvila, ambaye ni seremala, alimbeba mgongoni kwenye matope yanayofika magotini mpaka barabara ya lami, wakapata gari la kwenda hospitali. Ittira alilala huko mwezi mzima. Kuruvila akaona miti ya kaka yake imekaa bure na nyumbani kuna watoto wa kula, akachukua kisu cha kugemea, akaingia shambani.

Sasa, seremala akishika chuma mbele ya mti, hukandamiza. Ndiyo kazi yake. Mti wa mpira haukandamizwi. Unaparua gome tu, unatoa kiganda chembamba kama cha kitunguu, na chini ya gome unaacha utando ulio hai, kwa sababu ukiupita huo ukafika kwenye mbao nyeupe, mti unajifunga kwa vinundu na pale hautoi maziwa tena. Ittira alirudi amekonda, miguu inatetemeka, akaukuta mstari wake wa miti ulio bora kuliko yote umekatwa mpaka kwenye mbao.

Angemwita pembeni, wangemaliza. Hakumwita pembeni. Alimsubiri uani mwa kanisa, misa imetoka, wakwe wa Kuruvila wamesimama palepale na nguo zao nyeupe.

"Ulitaka nife!" alipiga kelele. "Nilipogoma kufa ukaniulia miti!"

"Kaka, nilikuwa nakusaidia."

"Msaada gani huo? Hata mwizi angekata vizuri! Umekata kama unachinja!"

Kuruvila aliwatazama wakwe zake, uso ukamwiva kwa aibu, naye akatema lake. "Basi ningejua ningekuacha ufie kwenye matope. Mgongo wangu ungepumzika."

Ni hayo tu. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyeibiwa shamba. Maneno mawili ya wanaume wawili wenye njaa, maana walikuwa wamefunga kwa ajili ya komunyo. Yangekauka kabla ya kufika nyumbani, kama yangeachwa.

Lakini Ittira alikuwa mgema. Mgema kila alfajiri hubandua ule uzi wa utomvu uliokauka na kuziba kidonda cha jana, akaparua kidogo, mti ukaanza kutiririka upya hadi kifuu kilichofungwa chini yake kijae. Kwa miti ilikuwa kazi yake. Kwa moyo wake hakuna aliyemtuma. Kila alfajiri akifika kwenye ule mstari wenye vinundu alilibandua lile neno, *ningekuacha ufie kwenye matope*, likatiririka mpaka saa ya chai.

"Baba Leena," mkewe Rahelamma alimwita siku moja kutoka jikoni, "unaongea na nani huko peke yako?"

"Na mtu."

"Huyo mtu miaka yote hii yumo humu ndani. Mwambie basi hata akate kuni."

Ittira alinuna siku mbili kwa hilo. Siku hizo alikuwa ananuna kwa lolote, hata chumvi ikizidi kwenye uji.

Na hapa ndipo mimi napandwa na hasira, kwa sababu parokia nzima ilijua. Kanisani kwetu amani haisemwi kwa mdomo tu. Inatoka altareni, inakwenda mkono kwa mkono: unaingiza viganja vyako katikati ya viganja vya mwenzako, unavivuta, unavileta usoni pako, kisha unamgeukia wa pili. Anayeipokea kwa padri na kuileta kwa watu ni mtumishi wa kanisa. Ittira alimpa mtu wa kwanza kwenye safu, na Kuruvila akaipata huko katikati kwa jirani. Jumapili za kawaida hilo linawezekana. Lakini Jumatatu ya kwanza ya mfungo wa siku hamsini kuna Shubkono, ibada ya kusameheana, na siku hiyo safu inajikunja yenyewe ili kila mtu akutane uso kwa uso na kila mtu. Hakuna kuruka. Basi kila mwaka, saa hiyo ikifika, Ittira aligundua ghafla kwamba makaa ya chetezo yanazimika, akatoka nje kuyapuliza. Aliyapuliza mpaka watu wamemaliza. Na watu wazima, wenye Biblia majumbani mwao, walikonyezana wakacheka. Ugomvi wa ndugu wawili ulikuwa ndio burudani yao.

Padri Skaria alikuwa mgeni, ana miezi michache tu. Kabla ya mfungo wa mwaka ule wa tano Ittira alikwenda kuungama.

"Hasira?" padri aliuliza.

"Hakuna, Padri."

"Hakuna kabisa?"

"Mimi ni mtu wa kanisa."

Padri hakubishana. Lakini jioni yake alimkuta akiwatimua mbuzi wa Uthup, akasimama kumtazama. "Mlango huu unaulinda vizuri sana, Ittira. Na ule mwingine?"

"Wa sakristia? Nimeufunga."

"Wa moyo wako. Wazo baya likiwa bado liko getini ni dogo, unaita jina la Yesu, unalipiga fimbo moja, linakimbia. Ukishaliachia kitanda chako, utalitoa na nini?"

Ittira alisema, "Ndiyo, Padri," kwa adabu zote, akarudi nyumbani anafoka njia nzima. Kapadri kenyewe ndevu hazijakamilika! Kamefundishwa na nani habari za ndugu yake? Na hilo nalo akaliingiza ndani likakae na wenzake.

Ikaja Jumapili ya kuaga nyama. Siku hiyo kila nyumba inapika nyama ya ng'ombe yenye vipande vya nazi, muhogo, na samaki wa mwisho, maana kuanzia kesho ni mboga na kunde mpaka Pasaka. Uthup alikuja bila kualikwa, kama kawaida yake, akala sahani mbili. Aliposhiba akajifuta mdomo, na mdomo huo sasa ukaanza kazi yake.

"Umesikia Kuruvila anaifungua miti yake baada ya Pasaka?"

Miti ile ilikuwa kando ya njia. Kuruvila aliipanda mwenyewe, akaitunza miaka saba ikiwa haimpi kitu, na sasa mashina yalikuwa yametosha kugemwa kwa mara ya kwanza.

"Miti ni yake, anifahamishe mimi ya nini?" Ittira alisema.

"Hapana, nasema tu. Anatafuta mgema. Anasema anataka mgema wa kweli."

Ittira aliacha kutafuna. "Amesema hivyo?"

"Kwa masikio yangu haya, dukani kwa chai. 'Nataka mgema wa kweli.' Mimi simo jamani, nimekwambia kwa sababu nimekula kwako."

"Uthup," Rahelamma aliingilia, na alikuwa amekwisha kuuona uso wa mumewe, "umeshiba? Haya, mbuzi wako wanakuita."

Alipoondoka, Rahelamma alichukua chungu cha samaki akakisugua kwa majivu, akakisuuza, akakisugua tena, akakipandisha kwenye rafu kikiwa kimegeuzwa mdomo chini. Kingekaa hivyo mpaka Pasaka.

"Samaki tumefunga," alisema. "Na hilo nalo ulifunge."

"Lipi?"

"Hilo ulilolimeza sasa hivi bila kutafuna."

Mtu asiyegusa hata yai siku hamsini, anayeuliza kama biskuti ina maziwa ndani, alilala na nyama mbichi ya mdogo wake mdomoni.

Alfajiri aliamka, akachukua kisu. Msimu ule miti yote imepukutisha majani na imepumzishwa, hakuna mgema anayekwenda shamba, na Rahelamma aliyekuwa anawasha moto alimwona akipita na kisu akamwita kwa jina. Alijifanya hakusikia. Alijiambia anakwenda kukinoa kwenye jiwe la mtoni. Kufika njiani, kwenye miti ya Kuruvila, akajiambia anaangalia tu. Akaangalia. Miti mizuri, lazima tuseme, gome laini, imesimama mistari kama imepigwa kamba. Akapapasa mmoja. Mgema wa kweli. Akajiambia ataweka alama ndogo tu, watu waone alama ya mgema wa kweli inavyokuwa. Hapo alikuwa bado anaweza kurudi nyumbani. Mkono ulikuwa wake na kisu kilikuwa chake, mtu asinidanganye kwamba shetani alimshika kiwiko.

Alizamisha. Kisu kilipita gome, kikapita utando, kikagonga mbao. Maziwa yakamwagika mikononi mpaka kwenye viwiko. Akaenda wa pili, akazamisha. Akaenda wa tatu. Kwenye wa tatu alirudi nyuma hatua ili auone, na ndipo akautambua ule mkato. Ulikuwa uleule. Ndio alioukuta kwenye mstari wake siku aliyotoka hospitali, na miaka mitano alikuwa akiapa kwamba hakuna mkono wa mwanadamu unaoweza kukata hivyo bila roho mbaya.

Alikimbia mtoni kunawa. Lakini utomvu wa mpira hauogopi maji. Unaganda, unakuwa nyuzi, unaingia kwenye vinyweleo na chini ya kucha, na harufu yake inabaki. Alisugua kwa mchanga mpaka ngozi ikawasha. Kisha akaenda kupiga kengele.

Ibada ilikuwa saa sita mchana. Watu walipiga magoti na kuinuka, wakapiga na kuinuka, mara arobaini kama ilivyo desturi, hata vizee vinavyoshikilia nguzo. Ittira alipiga magoti pamoja nao na hakusikia neno hata moja. Padri Skaria alipoinama mbele ya watu wote akawaomba msamaha, na safu ikaanza kujikunja, Ittira alichukua chetezo akaelekea mlangoni.

"Acha makaa, Ittira," padri alisema, na alisema kwa sauti. "Mungu atavumilia moshi mdogo. Njoo kwenye safu."

Kuna waliocheka. Ittira aliwatazama kwa jicho ambalo lingewachoma, akaweka chetezo chini, akaja. Akampa amani padri, akampa huyu, akampa yule, haraka haraka, ncha za vidole tu. Mbele yake akasimama Kuruvila.

"Nisamehe, ndugu yangu, na uniombee," Kuruvila alisema, kama inavyosemwa. Lakini hakuishia hapo, na machozi yalianza kumtoka. "Kaka, lile neno la matope. Halikuwa la moyoni. Kila nikishika randa nalisikia. Na miti yangu nataka uifungue wewe. Nimesema hata dukani kwa chai mbele za watu: nataka mgema wa kweli, na mgema wa kweli kilimani hapa ni kaka yangu. Uthup alikuwepo. Hakukwambia?"

Uthup, mtu wa tatu kwenye safu, alikuwa ameanza kuchunguza dari.

Ittira alificha mikono nyuma, kama mtoto. Kuruvila alidhani kaka yake anakataa amani, akaifuata mikono ile hukohuko, akaikamata, akaingiza viganja vyake katikati. Vikanata. Akavivuta taratibu, akavileta usoni pake kama desturi, na hapo akasimama. Hakuna aliyezaliwa kilima kile asiyeijua harufu hiyo.

"Kaka," alisema polepole. "Miti yote imelala. Huu utomvu ni wa wapi?"

Angeweza kusema uongo. Miaka mitano alikuwa amedanganya mahali pale pale.

"Ni wako," alisema. "Mitatu, ya njiani. Nimekata mpaka kwenye mbao."

Watu wa karibu waliguna. Kuruvila alifuta mikono kwenye shuka aliyojifunga, akafuta, utomvu hautoki. Alipoinua uso hakuwa yule aliyekuwa analia.

"Mimi nilikata yako kwa ujinga," alisema, na kanisa zima lilisikia. "Wewe umekata yangu kwa ufundi."

Akampiga kikumbo akaelekea mlangoni.

Ittira aliuona uso ule ulipompita, akaujua. Alikuwa akiuona kwenye kioo chake cha kunyolea kila asubuhi. Alichokuwa amekilea miaka yote ile kilikuwa kimetoka kwake kikaingia kwa mwingine, mkono kwa mkono, kanisani, siku ya Shubkono. Akatupa adabu za kitumishi akamkimbilia. Kuruvila alikuwa amefika mlangoni, ameshika mwimo wa mlango ule aliouchonga yeye mwenyewe. Ittira alipiga magoti pale anapofukuzia mbwa.

"Usiondoke na hasira hiyo," alisema.

"Nipishe."

"Nipige. Nitukane. Lakini usiondoke nayo nyumbani, Kuruvila. Mimi nimekaa nayo, naijua. Inakula mpaka chakula cha mkeo."

"Miaka saba!" Kuruvila alinguruma, na ngumi ilikuwa juu. "Miaka saba nimeibembeleza miti ile! Nilikuwa nakuwekea wewe!"

"Najua."

"Hujui kitu!"

"Sijui kitu. Nipige, lakini rudi ndani."

Ngumi ilikaa juu. Ndani wale waliokuwa wakicheka waliinamisha vichwa, maana sasa haikuwa burudani tena. Kuruvila aliitazama ile ngumi yake, ikashuka, ikaugonga mlango hadi bawaba zikalia.

"Kidonda cha mti mnakipaka nini?" aliuliza, meno yameumana.

"Udongo na mavi ya ng'ombe."

"Utapaka wewe. Kila asubuhi. Kwa mikono, si kwa kijiti. Na mimi nitasimama hapohapo nakuangalia, na usiniongeleshe."

"Sawa."

"Sijakusamehe."

"Sawa."

"Naomba nguvu ya kukusamehe, na hata hiyo siitaki." Akarudi kwenye safu, amefura, machozi na kamasi, akamgeukia mtu wa pili akampa amani kana kwamba anamkabidhi kaa la moto. Mtu wa pili akaipokea.

Padri Skaria alimnyang'anya Ittira kengele, mishumaa na chetezo mpaka Pasaka. Alimwachia fimbo tu.

Mfungo mzima Ittira alikwenda kwenye miti ile alfajiri, akakanda udongo na mavi, akapaka. Kuruvila alisimama nyuma yake na mikono amekunja, akipumua kwa pua. Siku nyingine alitukana. Siku nyingine alianza kuondoka, akarudi. Kuna asubuhi alikuja na vikombe viwili vya kahawa isiyo na maziwa, akaweka kimoja juu ya mzizi bila kusema ni cha nani. Baada ya Pasaka, majani mapya yameshakuwa kijani, alimtupia kaka yake kisu miguuni mbele ya mti wa nne.

"Fungua," alisema. "Na mkono ukianza kuwaka, acha."

Mara mbili asubuhi ile Ittira aliweka kisu chini, akasimama akinong'ona jina la Yesu mpaka mkono ukatulia. Kuruvila alisubiri, ingawa hakukuwa na uvumilivu usoni pake.

Uthup naye? Watu kama yeye hawafi, wanabadilisha ukuta tu. Wiki ile ile alikuja getini mwa kanisa, mbuzi wake nyuma, akaegemea nguzo.

"Ittira. Umesikia alichosema mdogo wako jana dukani kwa chai?"

Damu ilimpanda Ittira hadi masikioni. Alitaka kujua. Asikudanganye mtu, alitaka kujua kuliko alivyowahi kutaka chakula siku ya mfungo. Vidole vilikaza kwenye fimbo.

"Toka," alisema.

"Lakini hata hujui ni nini! Pengine ni zuri!"

"Wewe na mbuzi wako na maneno yako. Nje."

Uthup aliguna, akatema mate, akatazama ile fimbo, akaondoka anawaswaga mbuzi wake huku akisema watu wengine hawana shukurani. Ittira alibaki pale getini, ameishikilia fimbo kwa mikono miwili. Nusura amwite arudi.

Mpaka leo hajui Kuruvila alisema nini.